Maji Aliyoyaacha Baba Mkwe

Jumanne, mwezi wa tano, baada ya alasiri

Mvua imekatika tangu saa nne asubuhi lakini mawingu hayataki kuondoka. Yamekaa juu ya mtaa wetu wa Usagara kama mgeni aliyeaga, akasimama mlangoni, halafu akakaa tena. Nguo za mtoto ziko kambani tangu jana na bado zinanata mkononi. Nami nimechoka. Nikikaa nasahau nilikaa kufanya nini.

Leo nina jambo la kukiri, shajara. Sitalizungusha.

Zuhura wangu, miaka mitatu na kidogo, amelala ndani ya chandarua mchana kweupe. Homa ilimshika Alhamisi. Aliingia kutoka uani akajilaza sakafuni bila kuambiwa, na mtoto huyu kumlaza mchana siku zote ni ugomvi. Zahanati wakampima malaria, hakuna. Nikashukuru kama mjinga. Jumamosi, hospitali, wakasema ni dengue.

Muuguzi alinieleza polepole, kama anayejua kwamba mtu aliyekesha hasikii vizuri. Panadol tu, dawa nyingine za maumivu nisimpe, zinaweza kumfanya atokwe na damu. Anywe maji, madafu, uji mwepesi, kidogo kidogo lakini kila mara. Alale chandaruani hata mchana, maana mbu akimuuma yeye sasa atakwenda kumpa mwingine. Halafu akanishika mkono akasema neno ambalo limenikaa kifuani mpaka leo: homa ikishuka usikimbilie kushangilia. Siku hiyo na ya pili yake ndizo za kumtazama. Tumbo likimuuma, akitapika, fizi zikitoa damu, asipokojoa, usingoje, mlete.

Leo alfajiri homa ilishuka.

Mama mkwe akasema alhamdulillahi, akainua mikono juu. Niliitikia, ila kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa nahesabu mikojo.

Acha nianze mwanzo. Tunakaa nyumba ya wakwe. Baba Zuhura ni dereva wa lori, saa hizi yuko huko kusini, anapiga simu kila akipata mtandao na kila mara swali ni lile lile, "Anaendeleaje?" kana kwamba jibu ninalo mimi. Baba mkwe alifariki kabla mvua za masika hazijaanza. Asubuhi ya siku ile alijaza kasiki lake, ule mtungi mkubwa wa udongo uliochimbiwa nusu ardhini pale uani, chini ya upenu. Maji ya bomba kwetu hutoka siku zinazotaka yenyewe, kwa hiyo alizoea kujaza mwenyewe, ndoo moja moja, yawe maji yake ya udhu. Akatawadha, akaswali, akanywa chai. Mchana ule hakuumaliza.

Tulipotoka kwenye msiba, mama mkwe akasema jambo moja tu kuhusu vitu vya marehemu. Nguo tutazigawa eda ikiisha. Vitabu vyake viende msikitini. Lile kasiki asiliguse mtu.

Basi hatukuligusa.

Asiyezijua nyumba zetu anaweza kuona ni ujinga. Lakini mimi nilikuwa namwona mama yule, amekaa kwenye mkeka wake, miezi minne na siku kumi mbele yake, hatoki, hajipambi, hajitii hata tone la marashi. Nyumba iliyokuwa ikifukizwa udi kila magharibi sasa haina harufu yoyote ila ya mvua na ya sisi wenyewe. Kanzu ya marehemu bado iko msumarini, haijafuliwa. Nimemwona mara mbili akiisogeza puani. Mtu kama huyo utamwambia nini kuhusu maji?

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kuanua nguo, nikachungulia ndani ya kasiki. Viluwiluwi wa mbu. Walikuwa wengi, wakijikunja na kujikunjua, wanapanda kuvuta hewa, wanashuka.

Niliwaona, nikarudi ndani, nikakunja nguo.

Hilo ndilo la kwanza ninalolikiri. Nilijiambia mbu wako kila mahali, mtaro wa barabarani umejaa, kwa nini nimvunje moyo mjane kwa ajili ya mtungi mmoja? Nilijiambia ni heshima. Leo naona sehemu kubwa ilikuwa woga. Mimi ni Mbondei, nimelelewa Amani, na katika nyumba hii nimeitwa "mtoto wa milimani" tangu siku niliyoingia, kwa mzaha, lakini mzaha usioisha. Sikutaka kuwa mkwe aliyemwaga maji ya marehemu.

Jana akaja dada wa afya wa mtaa. Hospitali wakipata mgonjwa wa dengue hutuma mtu aangalie nyumba na majirani. Dada mdogo tu, pengine rika langu, ana tochi na kata ya kuchotea. Akakagua mapipa ya mbele, akachota, akamulika. Akaokota kifuu cha nazi penye jalala, akakimwaga. Nikamwambia, dada, si mbu hawa wanatoka mtaroni tu? Akatikisa kichwa. Wa mtaroni ni wengine, wale wa usiku. Huyu wa dengue ana madoa meupe miguuni, huuma asubuhi na jioni jua likiwa bado lipo, na anataka maji tuliyoyaweka sisi wenyewe, karibu na milango yetu.

Halafu akanisimulia jambo ambalo sijawahi kulisikia, na tangu jana linanizunguka kichwani.

Alisema mbu huyu ana ndugu zake msituni mpaka leo. Wale hutaga kwenye mashimo ya miti yanayoshika maji, na hunywa damu ya mnyama apitaye. Mtu kwao si kitu cha kutafutwa. Mashimo hayo nayajua. Utotoni tukienda kuokota kuni tulichovya vidole humo, maji meusi, baridi, majani yameoza chini. Basi zamani sana, akasema, mahali penye kiangazi kirefu mashimo yalikauka, na maji yaliyobaki yalikuwa ya watu, mitungini mwao. Mbu waliovumilia kukaa karibu na watu wakapata pa kutagia, na mbele ya pua zao pana damu. Wasiotupenda wakakosa vyote viwili. Watoto wakarithi kwa mama zao, na wajukuu, vizazi na vizazi, mpaka wakawapo mbu ambao ukiwawekea mtu na mnyama, wanamwacha mnyama wanakuja kwa mtu. Wanatujua kwa harufu. Pumzi tunayoitoa, jasho, mafuta ya ngozi. Vile vipapasio vya kichwani ndiyo pua yao.

"Kwa hiyo hatukuvamiwa," nikamwambia.

"Tuliwaalika, dada. Tuliweka maji tukakaa hapo hapo."

Mama mkwe alikuwa dirishani, anasikia yote. Akapaza sauti, "Mwambie na hili, mwanangu! Wakifika hapa wanamruka bibi kizee, wanakwenda kwa huyu wa milimani. Damu ya baridi tamu!"

Dada akacheka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe wa wapi, huogopi mbu?"

"Wa hapa hapa, bibi. Mimi wamenichoka."

Tulicheka wote watatu. Sikumbuki mara ya mwisho nyumba hii ilicheka. Halafu dada akazima tochi, akauliza, "Na uani? Kuna chombo chochote chenye maji?"

Nikatazama dirishani. Mama mkwe alikuwa pale pale.

Nikasema, "Uani ni pa mwenye eda, dada. Chombo hakuna."

Mwanamke kuingia kwa mwenye eda si tatizo, yeye anajua, nami najua. Lakini alikuwa na adabu. Akaandika kwenye daftari lake, akaniombea mtoto apone, akaenda nyumba ya pili.

Hilo ndilo la pili. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nilisema uongo, nimeshaelezwa kila kitu, na mtoto wangu amelala hatua kumi kutoka pale niliposimama.

Jana jioni nilimlaza Zuhura kifuani, nikanusa utosi wake kama ninavyofanya tangu alipozaliwa. Hata ukinifumba macho, ukaniwekea watoto ishirini, nitamtoa wangu. Nikawaza: anayeuma ni mbu jike peke yake, dada kasema, anatafuta damu ya kukuzia mayai yake. Yaani naye ni mama. Mimi na yeye tunamfuata mtoto mmoja, kwa njia ile ile, kwa harufu ile ile. Tofauti ni kwamba yeye hakujua atamwachia nini.

Mimi nilijua.

Leo asubuhi, homa imeshashuka, mama mkwe akaingia kuswali dhuha. Nikaenda uani. Kasiki limechimbiwa, halipinduliki, kwa hiyo nilichota kwa kata, nikamwaga mchangani, mbali na mlango. Kata baada ya kata. Viluwiluwi wakafurukuta juu ya mchanga, kisha wakatulia. Mvua ilikuwa inanyesha mgongoni mwangu. Maji yalipobaki chini nikayafyonza kwa kitambaa. Halafu nikachukua mchanga na kumbi la nazi nikaanza kusugua, maana dada alisema kumwaga hakutoshi. Mayai hushika ukutani, yanaweza kukauka miezi, mvua ikija yakaamka.

Nimeinama ndani yake mpaka mabegani, nikasikia kandambili.

"Unafanya nini, Mama Zuhura?"

Sikuinua kichwa. "Nasugua kasiki, mama."

Nilisikia matone ya upenu tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hata kwa laana. Akasogea, akashika ukingo, akachungulia.

"Chini umefika?"

"Bado kidogo."

"Mimi mkono haukufika," akasema. "Ijumaa mlipokwenda zahanati nilijaribu. Nikachota makata matatu, nikashindwa."

Nikainuka, mchanga umenijaa mikononi. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanateremka tu.

"Mvua imeingia humu tangu masika kuanza," akasema. "Maji yake yaliisha zamani. Nilikuwa najua."

Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Mbona hukuniambia, mama?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Tulisimama pale, mimi na mama wa mume wangu, na kasiki tupu katikati yetu. Mimi nilinyamaza nimhurumie, yeye alinyamaza akingoja nianze mimi, na mtoto akapita katikati ya kunyamaza kwetu, akicheza, miguu wazi, akinukia kama mtu.

Kisha akaniambia niingie ndani nikamtazame mtoto, akakaa chini kwenye unyevu akamalizia kusugua sehemu anayofika. Sikumzuia. Kasiki sasa tumeliziba kwa ubao na jiwe juu yake. Halitajazwa tena mpaka lipate mfuniko wa kweli.

Nimetuma ujumbe kwa dada wa afya. Nimemwandikia kwamba chombo kilikuwapo, kwamba nilimdanganya, na kwamba aangalie nyumba za jirani vizuri, hasa yule mzee wa nyumba ya nyuma anayekohoa, maana mbu wetu hawajui mipaka ya ua. Amejibu, "Asante kwa kusema. Zuhura anakojoa?"

Hilo ndilo swali.

Tangu alfajiri amekojoa mara moja tu, kidogo, rangi ya chai. Fizi zake nimeziangalia mpaka amenikasirikia. Tumbo nikilibonyeza halalamiki. Amelala usingizi ambao siujui, si wa homa, si wa afya. Mfuko wa hospitali uko nyuma ya mlango: kanga mbili, kikombe chake, kadi. Nimeshajipa mpaka. Magharibi ikiadhiniwa hajakojoa tena, tunatoka, mvua inyeshe isinyeshe. Nilimwambia mama mkwe hivyo, nikidhani atasema ngoja, subiri Baba Zuhura apige.

Akasema, "Mkienda safari hii nakwenda nanyi. Watu waseme wanavyotaka kuhusu eda yangu. Mungu ananiona."

Sasa amekaa kando ya chandarua, mguu mmoja ameukunja, anapepea kwa kipande cha boksi. Mara moja moja anapiga kofi hewani, anafungua kiganja, anatazama. Mimi naandika huku, sikio liko kwa mtoto.

Sijui kama mtu anasamehewa jambo ambalo bado halijaisha. Sijui hata nimwombe nani kwanza. Ninachojua ni kwamba niliona, nikanyamaza, nikaita heshima. Nimeliandika hapa ili nisije nikalibadilisha jina baadaye, Zuhura akishakuwa mkubwa na akaniuliza.

Chandarua kimetikisika.

Ameamka. Anaomba maji.