Ujumbe wa Ishirini na Moja

Chumba Na. 7, Ghorofa ya Tatu,
Nyuma ya Kituo cha Zimamoto.
14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na usingizi unakuja. Mimi mzima, mwili hauna neno, ila chumba kimekuwa kikubwa ghafla.

Shangazi, ndoa ni tamu, hukunidanganya. Miezi miwili sasa, na kila nikisikia hatua za mume wangu kwenye ngazi moyo unadunda utadhani ndiyo kwanza anakuja kuniposa. Au niseme ulikuwa unadunda. Aliondoka siku nane zilizopita, na aliyemwondosha ni mimi.

Unajua anatengeneza vidude vya kulinda baridi kwenye majokofu ya dawa. Kompyuta kuu huvitumia maagizo kupitia mtandao. Kumbukumbu ya kidude ni ndogo mno, kwa hiyo kikishasoma ujumbe lazima kiufute, halafu kiiarifu kompyuta kwamba nafasi ipo. Cha kwake kilifanya kazi kidogo, kisha kimya. Bosi alimpa mpaka Ijumaa. Kikishindwa, kazi hana.

Akakileta nyumbani. Niliketi ubavuni mwake na kalamu, nikipiga mstari kwa kila ujumbe ulioingia.

"Unachora nini, mpenzi?"

"Nahesabu. Mara zote tatu ulizokiwasha kimekwama baada ya ujumbe wa ishirini na moja."

"Hebu rudia."

Nikarudia. Akajipiga paji la uso. Kumbe kidude kilikuwa kinafuta vizuri kabisa, ila yeye alisahau kukiwekea amri ya kuiarifu kompyuta. Nafasi zake ni ishirini na moja tu, kwa hiyo zilipotimia kompyuta ikadhani bado kimejaa, ikaacha kutuma. Akaninyanyua juu juu, mimi na uzito wangu huu unaoujua.

Ijumaa bosi alifurahi mno, akamwagiza akavifunge vidude hivyo katika hospitali za mbali, miezi mitatu. Mume wangu akaniambia, "Ukisema nisiende, siendi."

Nikamwambia aende. Kisha nikaingia jikoni, nikaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa visafi.

Namwonea fahari, Shangazi, mpaka natamani kuwasimulia majirani nisiowajua. Lakini jana nilipika chakula cha watu wawili, nikakiangalia kikipoa. Mgongo ukikuruhusu, njoo ukae nami hata wiki moja. Kitanda nitakuachia.

Nisalimie Babu, na binamu yangu Kipara umwambie nimemkumbuka hata kwa kelele zake. Mungu akuongoze njiani, maana najua utakuja.

Ni mimi nikupendaye, ninayekungoja mlangoni,
Binti wa kaka yako.