Yule Bibi wa Kimbiji

Dokta,

Shikamoo. Temeke nzima, mie ndiye mtu pekee aliyeishia darasa la saba ambaye maprofesa wenye tai wanamsikiliza kimya, wengine wakinakili. Usicheke. Jumanne yametokea, kwenye chumba kilekile ulichokuwa ukifundishia.

Ila nianze na uchafu. Yule mwenzako wa ofisi moja, aliyelia makaburini mpaka akashikwa mabega, hata arobaini yako haijafika alikuja kwa Mama Zuhura, mkeo, kuchukua boksi la madodoso. "Shemeji, karatasi hizi zitaliwa na mchwa bure." Mama wa watu akampa. Miaka yote uliyozunguka kuuliza akina mama wanalishaje nyumba zao tangu biashara iwe ruksa, ikatupwa kwenye buti la gari kama mzoga wa mbuzi.

Siku hiyo ya Jumanne kaisoma kazi yako mbele ya watu kama yake. Wewe umetajwa kwenye shukrani, baada ya dereva. Nilisimama mlangoni nikisikiliza. Shahada tatu, na mkono wa mwizi wa kuku. Na kuku anafuga kweli, nyuma ya nyumba ya chuo. Wanafunzi wanampelekea kazi zao huku wamebana pua.

Hajui kazi yule. Wewe ulinifundisha: ukifika kwa mtu, kalamu usiitoe mpaka uambiwe karibu, na pembeni ya dodoso uandike ulichokaribishwa, maji, muhogo, hata kama ni mkeka tu. Wenye digrii walikuwepo, ukanichukua mie mpiga debe la mitumba Buguruni. "Shaibu, mdomo wako mrefu, lakini mie nimefuata masikio." Nilitamba mtaa mzima, Dokta. Wakaniita Profesa Mitumba, nami nikaitika.

Basi mwenzako aliposoma hadi maneno ya yule bibi wa Kimbiji, ukumbi ukatulia. Si unamkumbuka? "Zamani nilipanga foleni nikakosa sabuni. Sasa sabuni imejaa dukani, napita kuinusa tu." Wote wakainama kuandika. Nilitaka kupayuka kwamba huyu mwizi, kazi hii ya Dokta wangu, bibi huyu namjua mie. Mdomo wangu huu, unaoujua, ukakwama.

Maana ulimpenda sana yule bibi. Ulimwandika ubaoni, ukamweka ukurasa wa kwanza. Hata hospitali, sauti imekauka, ukaniambia, "Nikiinuka unipeleke nikamwamkie." Nikakujibu kafariki. Ukafumba macho, ukamsomea Fatiha.

Dokta, siku ile uliyonituma kwake sikufika Kimbiji. Mvua ilikuwa imeharibu njia, nami nina viatu vipya. Nilikaa kibarazani kwa muuza kahawa Kigamboni, nikajaza madodoso tisa peke yangu. Kwenye la bibi, pembeni, niliandika: kahawa na tende moja. Tende hiyo nilikuwa naila mie.

Jumamosi naenda Kimbiji, kwa miguu ikibidi, na madodoso tisa matupu. Nitangoja niambiwe karibu. Nikirudi nitamweleza Mama Zuhura kila kitu, anifukuze au asinifukuze, kisha tutalifuata lile boksi.

Mwenzako kakuibia ulipokwisha kufa. Mie nilikudanganya ukiwa hai, ukanishukuru.

Pumzika, Dokta. Ile Fatiha ulimsomea mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mungu akurudishie wewe.

Shaibu