Tuanze na Mahali

Jumapili, 2 Machi 2025

Rekodi pleya iko nyumbani! Imekaa juu ya meza ya Baba, nimeifunika kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie. Ni ya babu yake Ramandeep. Ililala stoo nyuma ya duka lao la vitambaa tangu sisi tukiwa wadogo, na jana Ramandeep akasema, chukueni bana, kwetu hakuna anayeitaka. Wangila akaja kutoka Bungoma na sindano mpya. Akaifunga, akapuliza, akawasha. Ikazunguka! Tukakaa sisi watatu tukiiangalia inavyozunguka bure, kwa sababu hatuna santuri hata moja.

Mama ameuliza kama ni ya kupikia chapati.

Sasa, bendi yetu Saruji wametoa albamu zao zote kwa santuri — hatimaye! — na kuna duka Nairobi linalotuma kwa basi. Nyimbo zote tunazo kwa simu, tunazijua kwa moyo. Lakini santuri ni kitu kingine. Unaishika. Unaigeuza. Mfuko unaruhusu moja kwanza, nyingine zitafuata polepole. Moja ipi? Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 4 Machi

Kazini. Sweta za shule. Kijani, kijani, kijani. Mashine ya kufuma inapiga kelele na mimi naimba juu yake, hakuna anayesikia.

Ramandeep amevuka barabara saa ya chai kuja kuendeleza vita. Yeye ni wa Nyaya za Stima, albamu ya tatu. Ati hapo ndipo Saruji walijua gitaa. Nikamwambia hapo ndipo walijua pesa. Akaninyang'anya mandazi.

Wangila ni wa Mahali, ile ya kwanza kabisa. Waliirekodi ndani ya gereji, unasikia hata mtu akikohoa. Anasema bendi unaianza pale ilipoanza yenyewe. Yaani, anasema "Mahari". Wangila na hizo herufi mbili, L na R — anachukua ile iliyo karibu na mkono. Anakuja kwetu "Kitare", tunapenda muziki wa "loki", na gitaa "inarira". Nimezoea. Napenda, hata. Mama humcheka, yeye ambaye maisha yake yote husema "kapisa".

Mimi ni wa Kutu. Sipendi kubishana sana kuhusu Kutu. Nilikuwa naisikiliza ule mwaka Baba alikuwa mgonjwa, sikio moja kwa muziki, lingine kwake kama ataita. Ule wimbo mrefu wa mwisho, wenye mvua juu ya mabati. Wangila anajua hayo yote. Lakini anasema hiyo ni albamu ya matanga, huwezi kuanza kitu nayo.

Kuanza kitu gani, sikuuliza. Na niandike tu, si hakuna msomaji hapa: huu ni mwaka wa pili mimi na Wangila, na hajasema lolote la mbele. Kuhusu santuri anaweza kuongea kutwa. Kuhusu sisi, kimya.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya nini mimi!

Jioni nilikuwa nakanda unga wa chapati, mikono yote miwili ndani. Simu ya Wangila ikaingia. Nikabonyeza spika kwa kiwiko. Mama alikuwa amekaa hapo kando anachagua maharagwe. Wangila hakusalimu hata.

"Jep, nimefikiria sana. Mimi nasema tuanze na mahari. Hizo zingine zote zitakuja nyuma."

Nikamwambia tusiharakishe, mimi bado nina mawazo yangu.

"Aa, Jep! Hii maneno tumevuta sana. Mahari kwanza! Mimi niko tayari, naripa hata wiki hii."

Mama akawacha maharagwe. Nikaona uso wake. Ndipo na mimi nikasikia kile alichokisikia yeye.

Simu ilipokatika tu, akaanza. "Mtoto wa watu anataka kulipa mahari, wewe unamwambia asiharakishe? Uko na akili kweli kapisa?"

Nikafungua mdomo nimwambie. Ni jina la albamu, Mama. Ni muziki. Lakini alikuwa anacheka, na macho yamejaa, anayafuta kwa ncha ya leso. Akasema, laiti Baba yako angekuwa hapa asikie.

Nikafunga mdomo, nikaendelea kukanda. Nilikanda sana. Chapati zimetoka ngumu kama soli.

Ijumaa, 7 Machi

Mama ameamka akiimba. Si wimbo wa kwaya, wimbo tu. Sijamsikia akiimba akifagia tangu tumzike Baba.

Nitamwambia kesho.

Jumapili, 9 Machi

Sikumwambia. Na sasa mambo yameharibika zaidi!

Baada ya kanisa Mama alimpigia Mjomba. Nilikuwa nje naanika nguo, nikamsikia. Ati ajitayarishe, kuna wageni watakuja. Kijana wa Bungoma. Mtu wa heshima, anafanya kazi duka la dawa za mifugo, kwa hivyo ng'ombe mzuri anamjua.

Kumbe hakuishia hapo. Alipekua simu yangu nikioga, akatoa namba, akampigia Wangila mwenyewe! Nimejua kwa sababu Wangila amenipigia akipiga makelele ya furaha.

"Jep! Kumbe mamako ni mtu wa loki!"

"Mama gani?"

"Mamako! Ameniuriza, hiyo mahari unareta rini? Nikamwambia, Mama, nareta mwenyewe, Jumamosi ya tarehe ishirini na mbiri. Akashukuru, akanibariki! Ati hata mjomba wako atakuwa hapo. Famiria yenu yote, Jep, na hukuwahi niambia!"

Nilicheka mpaka nikakosa pumzi. Halafu nikakumbuka kwamba anayechekwa ni mimi.

Jumanne, 11 Machi

Nimemweleza Ramandeep. Alicheka akaanguka juu ya marobota ya vitambaa, wateja wakageuka. Alipopata sauti akasema lazima nimwambie mmoja wao, Mama au Wangila, kabla mjomba hajanunua kofia mpya.

Nikamuuliza nimwambie yupi.

"Yule ambaye unataka kusikia jibu lake," akasema.

Halafu akauliza kama hii inamaanisha Nyaya za Stima imetolewa kwa mashindano. Nimekataa kumjibu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeenda Bungoma. Nimerudi. Nimechoka, na sijui kama nimefanya vizuri.

Mvua iko karibu, kwa hivyo wakulima wote wamejaa dukani kwao Wangila wakitaka mbegu na dawa ya kupe. Nilimngoja juu ya magunia. Anapendeza akifanya kazi! Mzee mmoja alimweleza ugonjwa wa ng'ombe wake kutoka mkia hadi pua, na Wangila akasikiliza yote bila kumkatiza. Mimi hunikatiza.

Mchana tukaingia hoteli ya karibu na stesheni, chai na chapati. Nikasema moja kwa moja.

"Wangila, Mama hakusikia Mahali. Alisikia mahari. Ya ng'ombe."

Kikombe kikabaki hewani. "Si ndio nirisema? Mahari."

"Sema tena."

"Mahari."

"Hiyo ni ile ya ng'ombe. Sema ile ya pahali."

"Mahari!"

Nikachovya kidole kwa chai, nikaandika mezani, L moja, R moja. Akaziangalia. Akaangalia dari. Nikaona anakumbuka simu ya Mama, neno kwa neno. Akaanza kucheka, akacheka mpaka mwenye hoteli akatoka jikoni kuuliza kama chakula kina shida. Na mimi nikacheka. Ilikuwa vizuri hapo, kwa dakika hizo.

Halafu akasogeza kikombe kando. Akaifuta ile L kwa kidole gumba.

"Mamako arifurahi?"

"Anaimba akifagia."

"Na wewe?"

Nikasema chai ina sukari nyingi.

Mjinga mimi! Chai ina sukari nyingi! Nilisafiri kutoka Kitale na "ndiyo" moja imenijaa mdomoni, nikarudi nayo hivyo hivyo. Alinisindikiza hadi stendi akiwa amenibebea mkoba, na hakusema kitu, na huyu ni mtu anayeongea hata na mbuzi.

Jumatatu, 17 Machi

Hajapiga. Mama amepaka geti rangi. Ameazima viti vya kanisa.

Alhamisi, 20 Machi

Ujumbe wa Wangila umeingia saa ya chai. Huyu hata kuandika anaandika vile anaongea:

"Jumamosi nakuja vire nirisema. Nitaereza mamako mwenyewe. Wewe usiseme kitu."

Ataeleza. Yaani atamwambia Mama ni santuri, ilikuwa santuri tangu mwanzo. Ni haki yake. Si yeye aliyedanganya mtu, ulimi wake tu ulichukua ile ya karibu. Nimejibu "sawa".

Nimeumia, nitasema nini? Nimeumia. Lakini nimekaa nikifikiria, na sijutii sana. Wiki mbili Mama ameimba. Amepika, amecheka, amemweleza jirani habari za Baba bila kulia. Kama ataniudhikia Jumamosi, ataniudhikia akiwa na geti jipya la bluu.

Ramandeep anasema nivae ile gauni ya njano hata kama wageni wanakuja kuomba msamaha. Nimesikiliza Kutu yote nikikunja sweta. Wimbo wa mwisho nimeurudia. Ilikuwa sawa tu, haikuniliza.

Jumamosi, 22 Machi

Asubuhi. Mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, iko tayari kwenye kibuyu, Mama anaitikisa kila akipita. Mjomba amekuja mapema, na kweli, ana kofia mpya! Nilijaribu mara ya mwisho. Nikasema, Mama, kuhusu Wangila, unajua vile anaongea... Akanikatiza: vile anaongea ni vizuri kapisa, kijana anasema kitu na anakifanya. Akaniweka jikoni, ati msichana haonekani mpaka aitwe.

Mchana. Bado jikoni. Naandika juu ya kifuniko cha pipa la unga. Wamefika!

Nimechungulia. Wangila, shati jeupe, viatu vimepigwa rangi. Chini ya kwapa ana kitu bapa cha mraba kimefungwa gazeti. Santuri, basi. Lakini hayuko peke yake. Kuna mzee mwenye koti na mama mmoja mwenye kitambaa kichwani. Nafikiri amekuja na watu wa kumsaidia kuomba radhi. Amefanya vizuri. Kwao watu wakubwa ndio wanaopoza mambo.

Wamesali. Wamesalimiana, sana, mpaka maji ya chai yamechemka. Mzee mwenye koti amesifu geti. Mjomba amesifu mvua ambayo haijanyesha.

Sasa Wangila amesimama. Namsikia.

"Mama, kuna kitu nataka kuereza."

Nimeshika sufuria kwa ule mkono usioandika. Haya, sema. Sema pole pole asiumie.

"Mimi nirikuambia kwa simu tuanze na mahari. Watu wengine wamefikiria nirikosea. Mimi niko hapa na baba mdogo na mama mdogo, Mama. Vire nirisema, ni hivyo."

Mzee mwenye koti anasafisha koo.

Atampa Mjomba santuri! Mbele ya watu wote, atampa Mjomba santuri mkononi, na Mjomba ataivua kofia aitazame —

Mama ameingia jikoni. Ameniwekea ile parseli mikononi. Ati kijana amesema hii si ya wazee, ni ya Jepkosgei, na aifungue sasa. Ameniangalia vile nimeshika kalamu, akatikisa kichwa, akarudi sebuleni.

Nimepasua gazeti.

Ni kahawia. Kahawia yote, picha ya geti kuukuu linalomomonyoka, na herufi nne. Kutu. Kutu yangu! Nimeigeuza. Nimetikisa gazeti nione kama kuna nyingine ndani. Hakuna. Amenunua Kutu kwanza, ile ya matanga, ile huwezi kuanza kitu nayo. Mahali hakuileta. Mahali iko bado Nairobi dukani.

Kwa hivyo lile neno alilosema pale sebuleni, na R yake —

Mama ananiita, jina lote, kwa sauti ya kanisani. Mjomba anataka niende nisimame mbele yao niulizwe kama nawajua hawa wageni. Ile "ndiyo" niliyorudi nayo kutoka Bungoma bado ninayo, na chai imefurika jiko lote, na viatu vyangu sijui nimeviweka wapi —