Baiskeli Iliyoniponza

Jumatano, 22 Februari 1956
Baiskeli mpaka kijiji cha Namawala na kurudi. Tope tupu. Wanafunzi wa ubatizo wachache, mvua imewazuia. Asubuhi vifungo vya shati vilinishinda, mke wangu, Mama Roza, akanifungia. Mkono wa kulia mzito. Ukitulia pajani unatetemeka, nikishika kitu unaacha. Mama Roza ameona.

Ijumaa, 2 Machi
Aibu. Nilikuwa naongoza Njia ya Msalaba. Kutoka kituo cha tatu kwenda cha nne miguu ikagoma. Nikaiambia nendeni. Haikwenda. Wimbo umeisha, kanisa zima linasubiri, katekista wao kasimama kama nguzo. Gaspari, mzee wa kanisa, akaja kunishika kiwiko, akaninusa mdomo mbele ya watu. Sijaonja pombe tangu Kwaresima ianze. Nilitamani kumpiga.

Jumapili, 4 Machi
Padri kaniita uani baada ya misa. Kaambiwa nakunywa. Najua aliyemwambia.
"Tembea mpaka pale kisimani, Mwalimu."
Nikatembea. Hatua fupi fupi, nyayo zinaburuta, mkono mmoja umeganda ubavuni. Kwenye kugeuka nusura nianguke.
"Nenda nyumbani ukapumzike. Tutaongea kesho."
Nikapanda baiskeli. Hapo ndipo nilipoharibu. Miguu ikashika pedali, ikazunguka kama ya kijana. Nikakata kona ya sokoni bila kuyumba. Kutazama nyuma, Padri na Gaspari wamesimama wananiangalia.

Jumatatu, 5 Machi
"Mlevi hawezi kuendesha vile," Padri kasema. Nikashukuru mapema mno. "Kwa hiyo hukulewa. Ulikuwa unaigiza. Kama umechoka na safari za Namawala, sema tu."
"Baba Padri, hata mimi sielewi." Sauti ikatoka ndogo, kama ya mwongo.
Kazi kapewa Gaspari. Miaka yote ile ya tope na mbu imeishia uani pale. Namchukia. Nimeandika neno hilo na silifuti.

Jumamosi, 10 Machi
Mama Roza anataka twende kwa mganga, kijijini Mofu. Anasema nimerogwa, na anamtaja Gaspari. Nimekataa. Si kwa sababu ya imani. Sitaki tu Gaspari awe na uwezo huo.

Jumanne, 13 Machi
Hospitali. Dokta hakuninusa. Kaniambia nigonganishe kidole gumba na cha shahada, haraka haraka. Mwanzo vizuri. Kisha vidole vikawa vinafunguka kidogo, kidogo zaidi, vikakwama. Akaukunja mkono wangu na kuunyoosha, ukaenda kwa kukwamakwama. Akanisukuma mabega, sikutikisika.
"Nguvu unazo, Mwalimu. Misuli yako mizima."
"Sasa shida iko wapi?"
"Kichwani. Unataka mguu uende, ubongo unatuma agizo, lakini linafika limechelewa, tena limefifia."
Nikamuuliza habari ya baiskeli. Kasema wagonjwa wengine wako hivyo. Pengine pedali moja ikishuka inauleta mguu wa pili, hausubiri kuagizwa. Hana hakika. Ugonjwa unaitwa Parkinson. Hauponi. Kanipa vidonge vya kupunguza kutetemeka, na kaahidi kuzungumza na Padri.
Njiani nilifurahi. Mpumbavu mimi. Naambiwa sitapona, nafurahi kwa kuwa si mwongo.

Ijumaa Kuu, 30 Machi
Padri kaja nyumbani. Dokta kamweleza yote.
"Nisamehe, Mwalimu. Nilikukosea."
Nikamwambia nimesamehe. Uongo, na siku kama ya leo. Nikauliza habari ya kazi. Akaitazama kofia yake. Kasema watu wamekwisha kumzoea Gaspari, na mimi nitazidi kuwa mzito. Ni kweli. Ndiyo maana inauma. Alipoondoka nilitaka kutema mate. Nayo hayakutoka. Vidonge vimenikausha mdomo.

Jumapili, 8 Aprili
Sikwenda misa. Mama Roza alikwenda peke yake. Karudi, kasema Gaspari alisoma vibaya. Nilimwomba arudie kunisimulia.

Jumamosi, 12 Mei
Shambani. Mpunga unaiva, ndege wengi. Tangu asubuhi nimekaa juu dunguni, kwenye jukwaa la kufukuzia ndege, kamba ya makopo mkononi. Mkono unatetemeka wenyewe, makopo yanalia, ndege wanaruka. Siuagizi. Alasiri Mama Roza kaleta togwa, kapanda, kakaa karibu nami. Siku hizi watu huniuliza nimenuna nini. Uso hauchezi hata nikiwa na furaha. Tulikaa tukiyasikiliza makopo.
"Unacheka nini, Baba Roza?"
Kweli nilikuwa nacheka.
Tukanywa togwa. Upepo kidogo kutoka mtoni.