Kuchota Ndoo Tupu

Kwako binti yangu mkaidi,

Salamu nyingi kwako, kwa mkwe wangu na kwa wajukuu. Hamjambo? Kikohozi cha yule mdogo kimepungua, au bado mnamnywesha vitu baridi nilivyowakataza? Mimi mzima. Mashua ninamoishi nayo nzima, haiingizi hata tone la maji, na chai yangu wapakuzi wa hapa gatini wanaigombania. Mwenye duka tu ndiye amenichosha. Sabuni zake siku hizi hazinukii kitu, na nimeshamwambia mbele ya watu kuwa ni mwizi.

Naandika kwa mkono wangu, basi usianze kucheka herufi.

Hivi wewe ulijua gesi ina uzito? Mimi nilidhani inapaa kama moshi. Ndiyo maana ile kengele ya kulia gesi ikivuja uliyoniletea niliitundika juu kabisa, karibu na picha ya marehemu baba yako, mahali pa heshima.

Juzi asubuhi fundi wa injini alinikuta nimeshika njiti ya kibiriti, nataka kuwasha jiko. Hata hajaingia vizuri, akanipigia ukelele nisiwashe. Nikamuuliza kama kwao wazee huamkiwa hivyo. Akasema shikamoo bibi, mashua imejaa gesi, toka. Nikanusa, wapi! Nikamwambia anatafuta kazi kwa nguvu. Alifunga mtungi, akafungua madirisha na vifuniko vyote, akanikataza kugusa swichi, akanishusha gatini kama gunia.

Kisha akachukua ndoo ya plastiki, akang'oa mbao za sakafu na kuanza kuchota. Anachota hewa, anamwaga nje! Ndoo tupu, anainua na kuinamisha kwa uangalifu kama amebeba uji. Wapakuzi walicheka, na mimi niliwashinda wote. Nikamuuliza kama mkewe anajua hali yake.

Alipomaliza akanieleza. Gesi hii hutambaa chini kama maji. Nyumbani itapenya chini ya mlango iende zake, lakini mashua haina mlango chini. Mashua isiyoingiza maji, akasema, ndiyo hiyo hiyo isiyotoa gesi. Hapo nikaacha kucheka. Nilimuuliza maswali mpaka akaomba maji ya kunywa. Akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, na pale penye kibano povu likatoa macho kama ya chura. Mpira ulikuwa umepasuka! Ameweka mpya, mtungi ameutoa nje kwenye sanduku lenye tundu la kumwagia gesi nje ya mashua, na kengele ameishusha karibu na sakafu. Baba yako kabaki peke yake huko juu.

Sasa sikiliza, na usinikatize. Wapakuzi walisema harufu waliisikia tangu gatini. Mimi nilikuwa ndani. Walipoondoka nilikata kitunguu nikakiweka puani. Kimya. Nikajaribu kitambaa cha mafuta ya taa. Kimya. Mwisho nikachukua sabuni, na ndipo nilipojua mwenye duka si mwizi. Pua ya mama yako imekufa, nadhani tangu yale mafua makali.

Nakujua. Tangu zamani unatamani kunitoa humu ukaniweke sebuleni kwako kama chungu cha maua. Kwa hiyo ningenyamaza, nisingekwambia ng'o. Lakini umesema likizo hii utawaleta watoto walale kwangu, na wao hulala kwenye godoro sakafuni. Gesi ingewafikia wao kwanza.

Kengele nimeijaribu, inalia kama kifaranga aliyekanyagwa, na masikio yangu hayana kasoro. Pima mwenyewe. Ukiona yatosha, walete. Ukiona haitoshi, njoo unichukue, ila jua nitakusema njia nzima.

Mkwe wangu umwambie namsalimu, na mpira wa jiko lenu aupake povu leo, si kesho. Mwenye duka sijamwomba radhi. Nimenunua sabuni zake tatu bila kubisha bei, ataelewa.

Ni mimi mama yako,
mwenye mashua.