Mama Geofrey na Jumamosi Iliyoachwa Wazi

Mwaka umetimia, Mama Geofrey, tangu ile Alhamisi uliyotutoka. Wengine wanakufahamu kama Dk. Margareth Lukwele wa kituo cha utafiti wa uchumi pale chuoni. Mimi Mikaeli, mumeo, bado naweka vikombe viwili mezani. Sijui kwa nini. Kimoja nakirudisha kabatini.

Ulifundisha watoto wa watu uchumi wa nchi nzima, lakini wewe ulianzia kwenye nyanya. Kila Jumamosi, miaka kumi na moja, uliandika bei ya sado moja, kile kindoo cha kupimia, meza ileile ya Chausiku hapa sokoni Mafiga. Ulisema mfumuko wa bei hausomwi ofisini tu. Miguu ilipoanza kukusumbua ukanituma mimi, dereva mstaafu wa lori, darasa la saba.

Kuna Jumamosi sikufika. Nilinogewa na bao, nikakuletea bei mara mbili ya ile ya kweli, na sababu juu yake: tembo wamelala barabarani Mikumi, malori ya nyanya yanasubiri waamke.

"Baba Geofrey," ukaniuliza, "tembo wangapi?"

"Arobaini. Mmoja anakoroma."

Hukugomba. Ulimpigia Chausiku ukasahihisha, ila mchoro wenye uongo wangu ukaupeleka darasani. Kile kilele wanafunzi wakakiita Mlima wa Mzee Mikaeli, na mimi nawaambia watu ni mrefu kuliko Uluguru. Kila mwaka ulianza nao somo: "Usichokijua kiache wazi, wanangu. Usibuni."

Jumamosi tuliyokuzika sikwenda sokoni. Chausiku naye hakufungua, alikuwa nasi makaburini. Juzi akaja Doreen, mwanafunzi wako anayemalizia ule utafiti.

"Shikamoo, baba. Imebaki wiki moja tu haina bei. Iliyotangulia na iliyofuata zinalingana. Tuweke hiyohiyo? Hakuna atakayejua."

Mimi wa tembo arobaini nikatikisa kichwa.

"Iache wazi, mwanangu," nikamwambia. "Siku hiyo hatukununua kitu."

Akaifuta ile aliyokwisha kuiandika kwa penseli. Pamebaki peupe.

Leo asubuhi nimekwenda. Sado ni elfu saba. Ni kweli, mama, muulize Chausiku.

Unakumbukwa na mumeo Mikaeli, wanao Geofrey na Semeni, mkweo Allen, wajukuu zako wanne, Chausiku wa sokoni, Doreen na wanafunzi wako wote.

Siku zote tutakukumbuka. Jumamosi zaidi.