Programu Iliyogoma Kujumlisha

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, mafua yameniachia. Kompyuta ya masomo ya uchumi nimepata. Ni nzito kama tofali, lakini ina kumbukumbu kubwa, na mwalimu alituonya tusidanganywe na sura.

Ikabaki kuchagua kati ya programu mbili za takwimu. Nikazijaribu kwa madodoso ya sensa uliyojaza ukiwa karani. Kumbe chuo kinayo yote. Baba, nyumba mia nane ulizozipitia kwa miguu hadi viatu vikaisha soli, zilisomwa kufumba na kufumbua. Nilibaki nimeshika kichwa. Namba yako ya ukarani ipo kwenye mstari wa kila nyumba, na hukuacha pengo popote isipokuwa nyumba moja, ya kwetu. Idadi ya watoto hukuandika. Nikatazama tarehe: ni wiki ile tuliyomzika mdogo wangu.

Programu ya kwanza iliufuta mstari huo kimya kimya, ikaendelea na hesabu. Ya pili iligoma kujumlisha mpaka niiambie watoto tulikuwa wangapi.

Nimechagua iliyogoma. Bado sijaijibu.

Msalimie mama, ila habari ya mstari tubaki nayo sisi wawili.

Kifunguamimba wako